Nimeomba makaratasi ya zahanati halmashauri: nyota tatu, masijala peke yao tano

Mie ni mhazili mstaafu. Nilisomea Tabora, Chuo cha Uhazili, enzi za mashine ya chapa yenye utepe wa rangi mbili, nyeusi juu nyekundu chini, kisha nikapiga chapa barua za serikali miaka 31 hapa hapa Tanga. Wenzangu mnaoandika tathmini za nyota mnasifia hoteli na kuponda simu za mkononi. Mie nina huduma ninayoijua kutokea nyuma ya kaunta, na mwaka huu ndiyo nimeionja mara ya kwanza nikiwa nimesimama mbele yake na pochi mkononi: kuomba nakala za kumbukumbu za halmashauri.

Halmashauri yenyewe sitaitaja. Mkoa wetu una halmashauri 11, toka Jiji mpaka Kilindi, bahatisha unavyotaka. Ninalosema ni kwamba siyo ya hapa Ngamiani ninapoishi. Ni kule walikozikwa wazazi wangu, safari ya kupandia gari Kange alfajiri na kurudi magharibi. Niliowakuta mle ofisini ni watoto wa watu wanatafuta riziki, na sitaki kumwagia mtu kitumbua chake mchanga.

Kilichonipeleka ni boma la zahanati. Kijiji kilichanga, kila kaya shilingi 10,000, na sisi tulioko mjini tukaombwa tuongeze. Mie nilitoa mifuko mitano ya saruji na nikabaki na stakabadhi. Boma likapanda vizuri mpaka usawa wa lenta, likasimama. Mvua za masika zimelinyea mara tatu. Mbuzi wanalala mle ndani. Halafu kwenye msiba mmoja nikawasikia wanaume chini ya mwembe wakisema serikali ilileta hela za kumalizia, mwenyekiti wa kijiji akazila. Mwingine akasema amemwona na pikipiki mpya. Nikajiuliza: hili jambo lina karatasi mahali fulani. Hela ya serikali haitembei bila karatasi, mie ndiye niliyekuwa nikizipiga chapa hizo karatasi.

Sasa niseme ujinga wangu kwanza, maana ndio ulionigharimu nauli. Mwezi wa pili nilikwenda mara tatu kuuliza kwa mdomo. Mtu aliyekaa ofisini miaka 31! Nilijiambia nitaongea na mtu mzima mwenzangu, tutaelewana. Mara ya kwanza mapokezi wakaniambia anayehusika yuko semina. Mara ya pili, "mama njoo Jumatatu." Jumatatu nikaja, nikaambiwa nimwone mtu wa mipango, wa mipango akanituma kwa wa afya, wa afya akasema hilo ni la ujenzi, na wa ujenzi alikuwa amekwenda saiti. Wote waliniamkia shikamoo kwa adabu kabisa, mmoja akaninunulia na maji. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeheshimiwa sana na sina kitu.

Kwenye gari la kurudi ndipo nikajicheka. Nilipokuwa kazini, mwananchi akija kuuliza kwa mdomo nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Simwonei, namhurumia, lakini akishatoka mlangoni hakuna kinachobaki mezani kuniuma. Ofisi haisikii, inasoma. Neno la mdomo halina namba, halina jalada, halina tarehe, na hakuna mkubwa atakayeuliza "lile neno la yule mama limefikia wapi?" Barua iliyogongwa muhuri ni kitu kingine. Ile lazima ilale mahali, na mahali inapolala pana mtu ambaye jina lake limeandikwa.

Kwa hiyo tarehe 6 Mei nilikwenda na barua.

Wengi hawajui kwamba jambo hili lina sheria yake. Katiba ya 1977, ibara ya 18, inasema una haki ya kutafuta na kupata taarifa. Halafu mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, na kanuni zake zikatoka 2017 pamoja na fomu. Inahusu Tanzania Bara, na haki hiyo ni ya raia, ndiyo maana niliambatisha kivuli cha kitambulisho cha NIDA kabla sijaulizwa. Ombi linatakiwa liwe la maandishi. Asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kusema kwa mdomo, ila hapo ofisa ndiye anapaswa kuliandika lile ombi. Na mwenye kumbukumbu ana siku zisizozidi 30 tangu alipopokea ombi kukujibu kwa maandishi: ipo au haipo, na kama ipo unapewa au hupewi. Akikunyima akupe sababu. Ukiona hujaridhika, una siku 30 za kumwomba mkuu wa taasisi auangalie upya ule uamuzi, na ukikwama hapo unapanda kwa Waziri.

Jirani yangu fundi baiskeli wa Barabara ya 12 aliniuliza kama hiyo ni ya vijijini tu. Si ya vijijini tu. Wilaya zinaendeshwa kwa Sheria Na. 7 ya 1982, miji na majiji kwa Na. 8 ya mwaka huo huo, lakini kwenye hili la taarifa wote wamo kwenye mtego mmoja. Hata Jiji letu, ukitaka muhtasari wa kikao au makadirio ya mtaro wa mtaani kwako, mlango ni ule ule na siku ni zile zile 30. Na hata shirika binafsi linalotumia fedha za umma linaguswa.

Mapokezi ninawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya yale maji. Binti aliyekuwa pale hakuwahi kusikia habari ya fomu. Akaniuliza, "Mama, hizi taarifa ni za nini?" Nikamwambia za kusoma, mwanangu. Akaenda kuuliza ndani, akarudi, akasema niiache tu barua atampelekea bosi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Usiiache tu. Barua iliyoachwa mezani kwa mtu inageuka kuwa ya kuwekea kikombe cha chai. Nikauliza, "Masijala iko wapi?"

Jamani, masijala. Nilipofungua ule mlango nilisikia harufu ya majalada nikataka kulia. Rafu mpaka darini, majalada ya kahawia yamefungwa kamba, na daftari la kusajili barua limefunguliwa katikati kama msahafu. Mtunza kumbukumbu alikuwa kijana, miaka 30 hivi, shati limepigwa pasi. Akaisoma barua yangu mpaka chini, jambo ambalo mapokezi hawakulifanya. Akaisajili. Akaipa namba. Nilikuwa na nakala mbili. Akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye zote, tarehe ikasomeka, akatia sahihi, akanirudishia moja. Kisha akaiingiza barua kwenye jalada, akaandika namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, pale pembeni juu kwa kalamu nyekundu. Namba ya folio kwa kalamu nyekundu! Nilidhani kizazi hicho kimekwisha. Akaniambia pia wanaiskani na kuiingiza kwenye e-Ofisi, ule mfumo wa serikali wa kompyuta, ili mkurugenzi aione huko huko na aminuti, yaani aandike maagizo yake, huko huko. Mie ule mfumo siujui, lakini nilipenda kwamba hata mkubwa akisafiri barua yangu haina pa kujificha.

Nyota tano kwa yule kijana. Ningekuwa bado kazini ningemwombea uhamisho aje kwetu.

Sasa kosa langu la pili. Katika barua ile ya Mei niliandika naomba "taarifa zote kuhusu zahanati" ya kijiji fulani. Kichwa cha habari YAH:, aya nzuri, mhazili kabisa, na ombi la kipuuzi. Majibu yake yalikuwa na tarehe 27 Mei, siku 21, ndani ya muda kabisa, yakinitaka nifafanue ni taarifa zipi. Yalinifikia mkononi tarehe 3 Juni nilipokwenda mwenyewe kufuatilia. Na hapa nitasema kitu kama mtu wa ndani: tarehe iliyopigwa chapa kwenye barua na tarehe barua ilipotoka mlangoni ni ndugu wa mbali. Barua inaweza kuzeeka wiki nzima kwenye trei ya "kutoka" huku yenyewe ikijiita mbichi. Ukipokea barua ya ofisi andika kwa mkono wako, pembeni, siku uliyoipokea.

Lakini kusema kweli hawakunionea kunitaka nifafanue. Taarifa zote ni zipi? Zahanati moja ina makaratasi kwenye afya, kwenye mipango, kwenye ujenzi, kwenye fedha, kwa mtendaji wa kata na kwa mtendaji wa kijiji. Aliyeletewa ombi kama lile hajui aanzie rafu gani, basi anaanza kunywa chai.

Nikalala kwa shangazi siku mbili nikatafakari. Ukiomba "maelezo" unaandikiwa insha. Mtu anakaa anatunga: serikali ya awamu hii imedhamiria, mradi upo katika hatua mbalimbali, wananchi wawe na subira. Ukiomba "nakala" hakuna cha kutunga, karatasi ama ipo ama haipo. Kwa hiyo itaje karatasi kwa jina lake la kuzaliwa, useme inakaa idara gani na ni ya kipindi gani. Mie nilitaja nne. Muhtasari wa kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kilichojadili fedha za kumalizia maboma ya zahanati, nikataja robo ya mwaka. Barua iliyoijulisha halmashauri kwamba fedha za boma letu zimeingia. Hati za malipo yaliyofanyika kutoka katika fedha hizo. Na leja ya vifaa vya ujenzi iliyokuwa ikijazwa na kamati ya mapokezi, maana mradi ulikuwa wa force akaunti, yaani wa kujenga kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, na kwenye force akaunti kunakuwa na kamati ya ununuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na ile ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji. Mitano ilikuwa yangu, nilitaka niione kwa macho.

Hiyo robo ya mwaka niliijuaje? Diwani wetu mstaafu alikumbuka kikao kilikuwa karibu na mavuno ya machungwa. Mkikosa diwani mwenye kumbukumbu, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu serikali za mitaa ziko wazi kila mwaka zikishafika bungeni, hazihitaji barua wala muhuri, na zinataja halmashauri kwa majina. Vilevile kikao cha baraza la madiwani unaingia unakaa unasikiliza. Na kwa kijiji, mkutano mkuu unatakiwa angalau kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanasomwa. Yaani kabla hujaomba kilichofungwa, kusanya kwanza kilicho wazi.

Barua ya pili niliichapa steshenari. Kijana wa pale alianza kwa "Husika na somo tajwa hapo juu." Nikamwambia hebu sogea, mwanangu, nipishe kiti. Vidole vyangu vina baridi yabisi siku hizi, lakini ukurasa ule ulitoka bila kosa hata moja, na yule kijana akaita mwenzake aje kuangalia bibi anavyochapa bila kutazama vitufe. Akagoma kupokea hela. Huyo naye nyota tano, ingawa hayumo kwenye tathmini hii.

Muhuri: 5 Juni. Siku 30: 5 Julai. Nikaandika kwenye kalenda ya ukutani.

Tarehe 5 Julai ikapita kimya kama maji ya bandarini asubuhi. Sisi watu wa Tanga tunasemwa "waja leo, waondoka leo", lakini ombi langu lilikuja Mei na Julai bado lilikuwa mgeni humo ndani. Tarehe 14 nikapeleka barua ya kukumbusha. Fupi, mistari mitano: rejea barua yangu yenye kumbukumbu namba hii, iliyopokelewa tarehe hii, ambayo nakala yake naambatisha, muda wa sheria umekwisha tarehe hii, naomba majibu. Sikutukana, sikutisha, sikumtaja Rais. Pale chini nikaweka "Nakala:" kwa mkaguzi wa ndani. Kwa wasiojua ofisi, hilo neno Nakala pale chini lina uzito kuliko aya tatu za ukali. Anayesoma anajua kuna mtu mwingine naye anasoma.

Siku ya nane simu ikaita. Sauti ya mwanamume, ya upole sana: "Shikamoo mama. Karatasi zako ziko tayari, kuna malipo kidogo ya kudurufu." Tarehe 22 Julai nikapanda gari. Kurasa 38, shilingi 100 kila moja, 3,800. Sikumpa mtu hela mkononi: nilitolewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, nikalipa kwa wakala nje ya geti, nikapewa stakabadhi. Hapo sina lawama, bei ni ya steshenari.

Nikazihesabu pale pale kaunta, karatasi moja moja, nimelowesha kidole. Yule ofisa akawa anaangalia saa. Acha aangalie.

Hesabu ya muda kwanza: toka 5 Juni hadi 22 Julai ni siku 47. Tabora tulikuwa tunapimwa mwendo na usahihi. Mwendo wamefeli, hakuna kuwabembeleza. Usahihi, nitasema.

Barua ya fedha kuingia ilikuwapo, shilingi milioni 50 za kumalizia boma. Ina saini, ina tarehe. Kumbe wale wa chini ya mwembe hawakukosea, hela ilikuja. Hati za malipo zilikuwapo, zimepangwa kwa mfuatano, viambatisho vyote nyuma, namba za simu za mafundi zimefutwa kwa wino mweusi. Hilo la kufuta sikulilalamikia. Mambo binafsi ya mtu ni miongoni mwa yale ambayo sheria inaruhusu kuzuiwa. Ila nilipozisoma zile hati nikaona mbao, bati na misumari vyote vimepelekwa kijiji kingine. Si kwetu. Kijiji cha ng'ambo ya mto.

Basi nikafungua muhtasari, na humo ndimo yalimokuwa yote. Kamati ilikaa. Ilielezwa kwamba boma la wenzetu lilikuwa limeshapigwa kenchi, likipewa fedha litafunguliwa mapema kuliko letu lililoishia lenta. Wajumbe wakajadili, wakaridhia fedha zihamishwe. Na mwisho wa aya hiyo kuna mstari mmoja: wananchi wa kijiji cha awali wajulishwe kupitia mtendaji wa kata. Hakuna aliyetujulisha.

Nilikaa kwenye benchi pale nje chini ya mkorosho nikasoma mara tatu. Sikubaliani na uamuzi wao, lakini ni uamuzi, una mahudhurio, una saini. Hakuna pikipiki humo. Ile pikipiki ya mwenyekiti, baadaye nikaambiwa, ni ya mkwewe.

Jioni nilimpitia nyumbani mwenyekiti mwenyewe. Nikamwekea zile karatasi kwenye mkeka. Alisoma taratibu, anafuata mstari kwa kidole. Akanyamaza. Akasema, "Dada yangu, mie nimetukanwa kwenye misiba mitatu kwa ajili ya hili. Na nilikuwa sijui." Mkewe akaleta chai ya mchaichai na mihogo, hatukuongea tena mpaka vikombe vikaisha.

Mkutano mkuu ulipofika nikasimama nikasoma. Nilisoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, sikuongeza chumvi, kwa sababu sheria hiyo hiyo iliyokupa taarifa imefanya kuipotosha kuwa kosa la jinai. Mkipewa makaratasi someni makaratasi. Fasiri zenu wekeni mfukoni. Mzee mmoja akauliza, "Sasa wale wa ng'ambo wamefunguliwa?" Wamefunguliwa. Dawa zipo? Zipo. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Ndugu zetu, tumeoleana nao, utawachukia vipi.

Sasa kasoro, maana sijamaliza hesabu. Leja ya vifaa sikupewa. Niliandikiwa kwamba jalada "halijaonekana". Mifuko yangu mitano ya saruji bado iko hewani. Neno hilo, halijaonekana, ninalijua sana, mie mwenyewe nimelipiga chapa mara nyingi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyenyanyuka kwenda kutafuta. Yule kijana wa masijala alininong'oneza kwamba leja za kamati hazifiki kwake, hubaki kwa mtendaji wa kijiji mpaka mradi ukabidhiwe, na mradi wetu haujakabidhiwa kwa sababu haujaisha. Kwa hiyo niliomba karatasi sahihi kwenye nyumba isiyo yake. Hilo ni langu, silidai kwao, ingawa wangeweza kuniambia hivyo kwa maandishi badala ya kulificha jalada nyuma ya neno moja.

Kubwa ni ule muhtasari. Pale kaunta, nilipokuwa nikihesabu, ukurasa wa 7 ulifuatiwa na ukurasa wa 9. Nikasema, "Baba, wa nane uko wapi?" Akapekua, akapekua tena. Anayedurufu alikuwa ametoka kwenda kula. Jalada lilikuwa limeshapelekwa kwa mkubwa. "Mama, wa nane haujabeba mambo mengi." Nikamwambia kama haujabeba mambo mengi hautakuwa mzito kuutoa. Nikaomba fulskepu moja, nikaandika kwa mkono barua ya tatu, pale pale, nikaipeleka masijala. Muhuri: 22 Julai.

Gharama zote, kwa anayetaka kujipanga: safari saba kwa 8,000 kwenda na kurudi, jumla 56,000, na 3,800 za kudurufu. Ningeanza na barua, na ningetaja karatasi kwa majina tangu siku ya kwanza, safari nne zisingekuwapo. Nyota tatu, basi. Nne zingewezekana kama mapokezi wangejua fomu ya serikali yao wenyewe, na tano kama ukurasa wa 8 ungekuwapo.

Maana ule wa 7 unaishia hivi, mjumbe mmoja ameuliza fedha za boma letu zitarejeshwa lini: "Mwenyekiti alijibu kwamba". Basi. Halafu wa 9 unaanza na ushuru wa machungwa.

Leo ni siku ya 19. Juzi ilikuwa Nane Nane, ofisi zilifungwa. Barua ya kukumbusha nimeshaichapa, nimeacha nafasi ya tarehe tu.